Sayari Juu ya Pangani

Mwulize mtu mzima yeyote, aliyeuona mwezi maelfu ya mara, swali moja dogo: mwezi unapoonekana mchana, tuseme saa tatu ya asubuhi, ukiwa umebaki nusu, ile nusu isiyong'aa ina rangi gani? Nimewauliza wengi, wavuvi, walimu na wenye maduka. Karibu wote hujibu upesi kwamba ni nyeusi. Mmoja wawili, wakiona natabasamu, hugeuza maneno wakasema ni ya kijivu. Ukweli ni kwamba ina rangi ile ile ya mbingu iliyo kando yake, buluu tupu, na jicho haliwezi kuonyesha mpaka uko wapi. Sababu ni kwamba hewa inayong'aa kwa jua iko mbele ya mwezi, si nyuma yake. Tunautazama mwezi kama mtu aliye uani anavyotazama chumbani kupitia pazia jepesi jeupe lililopigwa na jua. Kilicho cheupe humo ndani hupenya kikaonekana. Kilicho cheusi humezwa na weupe wa pazia.

Jambo hili sikufundishwa na mwalimu wala sikulisoma kitabuni. Nililijua nikiwa nimeketi mbele ya kompyuta, nikijaribu kuitundika Zohali juu ya mlango wa mto Pangani, nayo inakataa kukaa mbinguni. Kila nilipoiweka ilionekana kama kibandiko kilichogandishwa juu ya picha.

Nieleze kwanza nilifikaje huko. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka 30 imekuwa studio: picha za pasipoti, za harusi, za watoto wanaoshikiliwa na mkono usioonekana nyuma ya pazia. Aliyenifundisha kazi alikuwa akichonga penseli mpaka ikawa kama sindano, anaketi dirishani na kuziba makovu ya nyuso kwenye negativu, nukta kwa nukta. Kwa hiyo watu wanaponiambia kwamba siku hizi kompyuta imeiharibu kweli ya picha, mimi huwasikiliza kwa adabu tu. Penseli ile ilikuwapo kabla yetu sote.

Programu ninayoitumia ni Photoshop. Ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, walianza kuitunga mwaka 1987, ikatoka madukani mwaka 1990. Lakini kilichoifanya iwe chombo cha fundi ni matabaka, yaliyokuja mwaka 1994. Kabla ya hapo, ukibandika kitu juu ya picha kimekwisha kuwa picha. Baada ya hapo kila kitu kikakaa kwenye karatasi yake isiyoonekana, juu ya nyingine, na unaweza kuiondoa, kuisogeza au kuififisha bila kuiumiza iliyo chini. Mtu aliyepata kuharibu negativu ya harusi ya watu ataelewa kwa nini nililiona jambo hilo kuwa ni rehema.

Zohali yenyewe niliagizwa na mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili na alikuja kwetu likizo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Nataka Zohali."

Alitaka picha ya kubandika ukutani darasani: Pangani kama ingekuwaje lau Zohali ingekaa mahali pa mwezi. Mimi nilikuwa na picha nzuri ya pwani niliyoipiga jua likizama, nikielekea mashariki, baharini. Mnazi mmoja umeinama upande wa kushoto, na mashua ya nahodha mmoja wa hapa inaingia na tanga limejaa. Nikadhani ni kazi ya jioni moja.

Fani yenyewe si ngeni. Mmarekani Chesley Bonestell, ambaye alipata pia kuchora mandhari za nyuma katika filamu za Hollywood, alichapisha katika jarida la Life mwaka 1944 mfululizo wa michoro ya Zohali kama inavyoonekana kutoka katika miezi yake. Uliopendwa kuliko yote ni ule wa kutoka Titan: majabali, theluji, na Zohali imekaa katikati ya mbingu ya buluu kana kwamba imepigwa picha na mtu aliyesimama hapo. Nimeutazama mchoro huo mara nyingi, nao bado unanishika. Tarehe 14 Januari 2005 chombo kiitwacho Huygens kilitua Titan kwa kweli. Kikakuta utando mzito wa rangi ya chungwa, mzito kiasi kwamba mtu akisimama pale hangeiona Zohali kabisa. Hewa imeifunika. Bonestell hakuliweka pazia, na habari za pazia lile hakuna aliyekuwa nazo mwaka 1944.

Tuje kwenye kazi. Kwanza ni ukubwa. Mwezi tunauona mkubwa, lakini unyooshe mkono wako na kidole cha mwisho kitaufunika mara mbili. Upana wake ni nusu nyuzi tu. Zohali ikiwekwa mahali pake, kutoka ncha moja ya pete hadi ncha ya pili zingekuwa nyuzi kama 39, zaidi ya mara 70 ya mwezi. Kwa kipimo chetu, nyoosha mkono, upime shubiri mbili angani. Nilimwonyesha mpwa wangu pale uani, naye akabaki ametanua vidole kama anayetaka kuikamata.

"Na maji je, mjomba?"

Mtoto wa pwani ni mtoto wa pwani. Bamvua la kwetu hupanda na kushuka kiasi cha meta tatu hadi nne, na hilo ni kwa mwezi huu tulio nao, kwa msaada wa jua. Uzito wa Zohali ni zaidi ya mara 7,000 ya uzito wa mwezi. Hapo hakuna cha mashua wala mnazi wala mji wa Pangani. Na kwa hakika dunia ndiyo ingekuwa mwezi wa Zohali, si Zohali mwezi wa dunia. Akafikiri kidogo, akasema tuiache bahari imetulia, kwa kuwa picha ni moja na maji yatakuja baadaye.

Pili ni jua liko wapi. Hapa ndipo picha nyingi za namna hii huanguka, hata za watu wenye mashine kubwa kuliko yangu. Wanaweka sayari iliyomulikwa kulia juu ya milima iliyomulikwa kushoto, na mtazamaji anahisi kuna uongo asijue uko wapi. Katika picha yangu jua lilikuwa mgongoni kwangu, linazama magharibi. Kwa hiyo kitu chochote kilicho mashariki mbele yangu lazima kiwe kimemulikwa uso mzima, kama mwezi mpevu, ambao huchomoza baharini wakati ule ule jua linapotua. Kuweka hilali pale kungependeza, nami nimeziona nyingi zimewekwa, lakini hilali haikai mbali na jua. Na kivuli ambacho Zohali huitupia pete zake nacho, kwa jua la mgongoni, kingejificha nyuma ya sayari yenyewe. Bahati yangu, kivuli kile kina tabu kukichora.

Tatu ni mwili wa sayari. Ukitaka sayari ya mawe, piga picha ukuta ulioliwa na chumvi, au bati lenye kutu, au kitako cha sufuria iliyounguza wali. Nimetumia vyote vitatu. Unakata duara, unaiambia programu iivimbishe picha iwe kama mpira, kisha unatia giza kidogo pembezoni. Kwa Zohali nilihitaji mistari, nikapiga picha ubao wa mvule uliopigwa randa, nikaulainisha mpaka nyuzi za mti zikawa mawingu. Pete ni mstari mmoja wa ubao huo huo uliozungushwa, ukabanwa kuwa yai.

Basi nikawa na Zohali nzuri mno. Nikaiweka juu ya bahari, na hapo ndipo ikakataa. Ilikuwa kali, safi, na mapengo kati ya pete zake yalikuwa meusi tii juu ya mbingu ya jioni. Niliififisha kwa nusu. Ikawa mzuka, mawingu ya nyuma yakaonekana kupitia mwilini mwake. Nilihangaika siku mbili.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa napiga mswaki uani, nikainua macho, na mwezi uliobaki nusu ulikuwa juu ya paa la jirani. Nikautazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine. Nikaona ile nusu ya pili haipo. Haikuwa nyeusi, haikuwa ya kijivu, ilikuwa mbingu. Nilirudi ndani na povu mdomoni.

Iko namna ya kuchanganya matabaka ambayo programu huiita Skrini. Kazi yake ni kuongeza mwanga tu, haipunguzi. Palipo na giza katika tabaka la juu hapaongezi chochote, na palipo na weupe panajumlishwa na kilicho chini. Ndivyo hewa inavyofanya. Nilipoigeuza Zohali iwe katika hali hiyo, mapengo ya pete yakajaa mbingu, pembe zilizotiwa giza zikayeyuka, na sayari ikarudi nyuma, mbali, ng'ambo ya hewa. Mke wangu alikuwa anapita na ndoo, akaitua chini.

Kilichobaki kilikuwa uvumilivu. Jioni, upande wa mashariki, kuna ukanda wa buluu ya kijivu unaopanda kutoka baharini, na juu yake ukanda wa waridi. Ule wa chini ni kivuli cha dunia yetu wenyewe kikitanda angani. Zohali iliyozama humo chini haina budi kuwa hafifu na nyekundu zaidi kuliko iliyo juu. Mnazi ulipaswa kupita mbele yake, na kila kuti nililikata kwa mkono. Tanga nalo hali kadhalika. Majini nikaweka njia ya mwanga, pana, iliyovunjikavunjika kwenye mawimbi. Mwisho nikainyunyizia sayari chembechembe zile zile zilizokuwa katika picha ya pwani, maana kitu kilichobuniwa huwa safi kuliko kilichopigwa picha, na usafi huo humchongea. Chini kabisa, kwenye ukingo mweupe, nikaandika: picha ya kubuni.

Mpwa wangu akaondoka nayo, na nakala nyingine ikiwa katika simu yake. Zilipita wiki tatu. Mtu mmoja, ambaye sikupata kumjua wala sikutafuta kumjua, aliukata ule ukingo mweupe na kuisambaza picha kwa maneno yake mwenyewe: Zohali itaonekana pwani ya Tanga usiku wa leo.

Mambo haya yana njia yake. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilikaribia dunia kwa umbali wa kilometa zipatazo milioni 56, na ukatungwa ujumbe kwamba ukiitazama kwa darubini ya kukuza mara 75 utaiona kubwa kama mwezi unavyoonekana kwa macho matupu. Ujumbe ukazunguka, maneno ya darubini yakaanguka njiani, na kwa miaka mingi baada ya hapo, Agosti ikifika, watu waliambiwa watoke nje waone miezi miwili. Wakati mwingine hata mwenye elimu huutia mkono: tarehe 31 Julai 2022 mwanafizikia Mfaransa, Étienne Klein, alionyesha mtandaoni kipande cha soseji ya Kihispania akasema ni nyota ya Proxima Centauri iliyopigwa picha na darubini ya James Webb. Ulikuwa mzaha, na aliomba radhi, akisema alitaka watu wajihadhari na picha zinazoonekana kujieleza zenyewe. Nilicheka. Nilikuwa nimetumia kitako cha sufuria.

Usiku ule sikucheka. Jirani yangu, bibi wa miaka zaidi ya 80, aliwachukua wajukuu zake pwani na jamvi. Asubuhi alikuja kwangu.

"Nimeingoja mpaka saa nne, mwanangu. Haikutoka."

Nikamwambia kwamba sayari ile niliitengeneza mimi, hapa hapa, kwa ubao. Nikamfungulia kompyuta, nikaizima Zohali kwa kubonyeza mara moja, nikaiwasha, nikaizima. Aliona. Hakukasirika. Alikaa kimya, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na picha ya marehemu?"

Miaka michache kabla, alikuwa ameniletea picha pekee ya mumewe iliyobaki. Mchwa walikuwa wamekula upande mmoja, sikio la kushoto lote na nusu ya kofia ya viua. Niliirudisha kama tunavyorudisha zote: nusu ya kofia nikaijaza kwa nusu nyingine, na sikio la kulia nikaligeuza likawa la kushoto. Alipoipokea alilia, akalipa, akaenda kuitundika. Wateja wa studio hawaulizi zaidi ya hapo, na mafundi hawasemi zaidi ya hapo.

"Uso ni wake, mama," nilisema. "Sikio la kushoto ni la kulia. Nimeligeuza."

"Sikio la kushoto lilikuwa na kovu. Ndoana ilimchana kabla hajanioa. Nimekuwa nikilitafuta lile kovu kila siku, nikasema macho yangu yamekwisha."

Nilimwambia naweza kulitia kovu akinielekeza lilivyokuwa. Akakataa.

"Hukuliona wewe. Usiliweke. Niwekee alama tu, nijue mpaka wako."

Iko kazi moja ninayoiheshimu ya mafundi wa Roma, warekebishaji wa michoro ya kale ya ukutani. Tangu miaka ya 1940 wamekuwa wakijaza palipobomoka kwa vistari vyembamba vya rangi, vilivyosimama wima, kimoja kando ya kingine. Ukisimama mbali mchoro umekamilika. Ukikaribia, unaona vistari, unajua kwamba hapa si mkono wa mwenyewe. Nilifungua tena picha ya yule mzee nikafanya hivyo kwa sikio na nusu ya kofia. Bibi aliisogeza machoni, akaipeleka mbali, akaisogeza tena, akafuata vistari kwa ukucha mpaka vilipokoma shavuni. Kuanzia hapo kwenda ndani ni mumewe. Akaniuliza bei, nikamwambia ilikwisha kulipwa.

Zohali ilinitaabisha zaidi. Vistari angani vingeua kazi yote, na maneno ya ukingoni yamekwisha kukatwa mara moja, yangekatwa tena. Alama ilihitaji kuwa mahali ambapo mtu akiikata anaikata picha yenyewe. Nilitafuta siku nzima, kisha nikaona ubavu wa ile mashua. Vyombo vyetu huandikwa majina ubavuni, kwa rangi, na hakuna anayeshangaa kuona herufi pale. Nikalifuta jina lililokuwapo nikaandika, kwa mwandiko ule ule wa rangi iliyochubuka: SAYARI YA KUBUNI. Ilikaa vizuri sana. Mpwa wangu aliisoma akapiga makofi.

Nahodha aliiona kwenye simu ya kijana mmoja kivukoni. Alikuja jioni, akasalimia vizuri, akakaa, akanywa kahawa mpaka akaimaliza, ndipo akaanza.

"Lile ni chombo langu."

"Ni chombo lako, nahodha."

"Jina lake si hilo."

Nikamweleza yote, sayari, bibi, ukingo mweupe uliokatwa. Alisikiliza kwa makini na kuhusu Zohali hakuwa na neno. Hata aliisifu, akasema ingemfaa kurudia nyumbani gizani. Lakini jina lile alilitoa babake, na picha inakwenda kwa watu asiowajua, ambao watadhani ameliuza chombo.

"Andika kwenye tanga," alisema. "Tanga nalibadilisha kila likichakaa."

Jina la mashua nililirudisha usiku ule ule, maana lilikuwa bado liko chini, katika tabaka lake. Tanga lilinichukua jioni mbili zaidi. Lilikuwa limejaa upepo, kwa hiyo herufi zilibidi zivimbe nalo, na neno la mwisho likaangukia kwenye mshono, likapinda.